Pingili zimesagika: ndiyo basi nisiiname tena?

SWALI: Mimi ni mshona nguo hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 48. Kiuno kinaniuma mwaka wa tatu sasa. Eksirei ilionyesha pingili zimesagika, nikakatazwa kuinama na kunyanyua ndoo. Hata kuswali naswali kwenye kiti. Wateja wa Idi wakianza kudai nguo zao, maumivu yanapanda. Daktari mwingine akasema ni mawazo tu. Nina mkanda, na sindano nimechomwa nyingi. Nimsikilize nani?

JIBU: Bi mkubwa, hiyo picha imekudhuru kuliko mgongo wenyewe. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Katika wenye miaka 50, wanane kwa kila kumi diski zao, yaani mito iliyo kati ya pingili, zilikuwa zimechakaa. Hata wa miaka 20, zaidi ya theluthi. Na hawaumwi! Lakini kila siku naletewa bahasha ya eksirei, mtu kaikumbatia kifuani, ananiuliza lini ataanza kutembelea kiti cha magurudumu.

Aliyekukataza kuinama hakukusaidia. Mgongo usioinama hukakamaa, misuli yake hulegea, na ubongo hujifunza kwamba kuinama ni hatari. Maumivu yakishavuka miezi mitatu, mara nyingi hayapimi tena ukubwa wa jeraha. Neva zimekuwa na wasiwasi uliopitiliza, kama mlinzi aliyewahi kuibiwa: jani la mwembe likidondoka, anapuliza filimbi. Filimbi unaisikia kweli. Mwizi ndiye hayupo.

Kwa hiyo aliyekwambia ni mawazo tu naye kakosea, ingawa alipita karibu na jambo. Huyabuni maumivu. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza tangu mwaka 1965 kwamba habari za maumivu hupunguzwa au huongezwa njiani, ndani ya uti wa mgongo, na ubongo una sauti katika hilo. Idi ikikaribia unakaa zaidi kwenye cherehani, sawa, lakini pia hulali, mabega yamepanda, pumzi fupi, simu ya mteja ikiita roho inaruka. Vyote hivyo vinaingia kiunoni.

Sasa tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, huku ukikandamiza kiuno kidogo kwenye mkeka na kukiachia. Usihesabu haraka umalize. Fuatilia kiuno kinavyogusa ukindu na kuondoka. Kisha piga magoti, mikono chini, rudisha makalio kuelekea visigino mpaka pale unapoanza kuogopa. Simama hapo, pumua, ujiulize: hiki ni kisu, au nakisubiri kisu? Mara nyingi utakuta unasubiri. Kesho utafika mbele kidogo. Kikiuma kidogo kisha kikatulia siku hiyo hiyo, endelea. Ukiamka umezidiwa, punguza nusu, usiache. Kwenye cherehani, kila ukimaliza upindo inuka. Jioni tembea. Hukumu ya kuswali kwenye kiti muulize sheikh wako. Mimi kwa uliyoyaeleza sioni kwa nini mgongo huo unyimwe sijida, ukiirudia taratibu.

Hii si kazi ya wiki moja, na ndiyo maana wauza miujiza wanatushinda. Mkandaji anakwambia pingili imeruka, anabonyeza, inalia "ko!", unalipa. Pingili hairuki ikarudishwa kwa kidole gumba. Nafuu unayopata ya kuchuliwa ni ya kweli, ila baada ya siku mbili unarudi kulipa tena, na hofu imeongezeka. Mkanda je? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haushauri mikanda wala mashine za kuvuta mgongo. Unataja elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia. Sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, zikichomwa mfululizo zinaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo.

Wa kuogopwa zaidi ni mwenye unga usio na lebo, unaotuliza usiku mmoja. Dawa ya namna hiyo huweza kuwa imechanganywa na deksamethazoni au prednisoloni, dawa kali za kundi la steroidi. Uso unavimba, watu wanakusifu umenenepa, kumbe sukari na presha vinapanda na mifupa inadhoofika. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa usiikatishe ghafla. Ibebe ilivyo umwonyeshe daktari.

Yapo maumivu ya mgongo yasiyohitaji mkeka wangu kabisa: yanayokuja na homa, kukonda, kutoka jasho usiku, kwa sababu kifua kikuu cha mifupa kipo, au ya mtu aliyewahi kuwa na saratani. Hayo wahi hospitali upimwe. Lakini miguu ikiishiwa nguvu, ganzi ikikushika sehemu za siri, au mkojo na choo vikikataa kudhibitika, nenda hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.