Ukienda na upinde siku za gobore

Kila mwanzo wa Januari, hapa jimbo la Ohio, Marekani, hufunguliwa siku nne za kuwinda kulungu kwa gobore. Msimu wa upinde, unaoanza Septemba, huwa bado haujafungwa. Unakwenda mpaka mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo unaweza kuingia msituni na upinde wako huku jirani yako ana gobore, kwa kibali kilekile cha kulungu. Wapo wanaotaka siku hizo ziachiwe gobore peke yake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwenye gobore ana risasi moja, akikosa ashindilie upya. Mwenye upinde naye ana mshale mmoja, na ndiye anayelazimika kumsogelea mnyama zaidi. Hamnyang'anyi mtu kitu.

Ila, ndugu yangu, usiende kama ulivyokwenda Oktoba. Gobore za hapa si zile walizokuwa nazo babu zetu za kulindia shamba. Nyingi zina darubini na zinapiga mita mia moja na zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kukuona kama kivuli kinachotikisa majani kabla hujajua kwamba yupo.

Sheria ya Ohio inamtaka kila anayewinda kulungu siku hizo, hata wa upinde, avae koti au kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka. Wenzangu hunung'unika kwamba wataonekana. Jicho la kulungu halioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona. Kinachomkurupusha ni mkono unaosogea na harufu yako kwenye upepo. Kule jimbo la Colorado misimu hii miwili hukutana Septemba, na wapiga upinde hawalazimishwi kuvaa rangi hiyo. Septemba 2021 mmoja wao alipigwa risasi akafa, na aliyempiga, mwenye gobore, alidhani amelenga elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa zaidi. Tangu nisome habari ile sikivui kizibao changu hata ninapokwenda haja.

Sasa kizibao chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa kikubwa, juu ya koti nene la baridi. Jike mmoja akaja mpaka kama mita ishirini, akageuza ubavu. Nilipoachia, uzi wa upinde ulikwaruza kitambaa kilichokuwa kinaning'inia kifuani, mshale ukainama na kuzama kwenye theluji mbele ya miguu yake. Nilishukuru sana kwamba haukumjeruhi, maana mnyama aliyechomwa vibaya huenda kufia mbali kwa mateso. Siku hizi, Desemba nzima nafanya mazoezi nikiwa nimevaa kila kitu nitakachovaa porini, glavu zikiwemo. Kizibao nakikaza kwa mkanda, na mkono wa koti ulioshika upinde naubana kwa kinga ya ngozi kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko.

Ukishapiga, tulia nusu saa ndipo ufuate damu. Hapo wengi husahau kwamba wenye gobore bado wako kazini. Usimbebe kulungu mabegani kamwe, mtu asije akadhani ni mnyama aliye hai! Mimi huweka mfukoni kitambaa cha pili cha rangi hiyohiyo ya machungwa, namfunga nacho shingoni kabla sijaanza kumburuta, halafu naongea kwa sauti njia nzima mpaka kwenye gari.