Kabla hujaiamini grafu yako ya pT

Wiki tatu nzima nilidhani nimepata kitu kipya. Nilichukua jedwali la pioni (chembe nyepesi zinazorushwa) za mgongano wa protoni na protoni, lililopimwa kwenye LHC, mtambo wa kugonganisha chembe. Linahesabu chembe kwa pT, yaani momenta (tungamo mara kasi) ya kukingama mstari wa mgongano. Nikalilinganisha na fomula ya Tsallis, yenye namba mbili za kutafuta: joto T, na q inayopima jinsi mkia wa grafu ulivyo mrefu. Nilianzia pT ya GeV 0.5 hadi 20 (GeV ni kipimo cha nishati, sawa na MeV 1000). Mstari ukapita kwenye pointi zote, safi kabisa. Ila joto T lilizidi MeV 100, ilhali waliotangulia hulipata kwenye 70 hadi 80 hivi.

Kosa lilikuwa la kitoto. Jedwali lilitoa idadi ya chembe kwa kila kipande cha pT. Fomula yangu ilikuwa ya idadi hiyo ikiwa imeshagawanywa kwa 2πpT. Basi soma kichwa cha safu kabla ya kugusa kompyuta.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba grafu haikunionya. Idadi ya chembe inaporomoka mara milioni kumi, kwa hiyo tunachora kwa skeli ya logi. Kwenye mhimili wa sentimita 14 wenye hatua saba za mara kumi, kosa la asilimia 20 ni kama milimita moja na nusu. Nukta yenyewe inalifunika! Siku hizi chini ya kila grafu nachora nyingine: data kugawa kwa modeli, skeli ya kawaida. Nilipofanya hivyo, pointi zangu zilipanda na kushuka kama wimbi.

Jambo jingine, T na q zinavutana. Ukipandisha q kidogo, T inashuka, na mstari unabaki karibu palepale. Ukitangaza T peke yake bila q hujasema kitu.

Ukihamia migongano ya viini vya risasi (madini, si ya bunduki), usibebe fomula ileile ukitarajia T moja itoshe pioni na protoni. Maada moto ya mgongano inatanuka na kuzisukuma chembe zote kwa kasi ya pamoja, na chembe nzito hupata momenta kubwa zaidi. Katika migongano ya uso kwa uso yenye nishati ya TeV 2.76 (TeV ni GeV 1000), ALICE, kundi la watafiti wa LHC, walipata wastani wa kasi hiyo kuwa karibu 0.65 ya kasi ya mwanga, kwa modeli ya wimbi la mlipuko, inayohesabu msukumo huo wa pamoja. Ndiyo maana nikiletewa grafu ya risasi, macho yangu yanaanzia kwa protoni, chini ya GeV 1, pale mstari wa Tsallis unapopita juu na pointi zimeinama.