Vita hujenga dola? Anza na Usambara

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kweli vita ndivyo vilivyojenga serikali za kale, na uanzie wapi insha yako ukiwa hapo Tanga. Usikimbilie Ulaya. Panda basi la Moshi. Ukishapita Mombo, tazama kulia. Chini barabarani ni Mazinde, na juu milimani ndiko ilikokuwa Vugha, makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliotawala Usambara.

Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa kuwaweka wanawe kuwa machifu wa sehemu mbalimbali. Kodi ilipanda Vugha, naye alisifika kwa uwezo wa mvua. Alipofariki 1862, kiti akakalia mjukuu wake, Shekulwavu, kijana mbele ya baba zake wadogo. Mmoja wao, Semboja, alikuwa Mazinde, kwenye njia ya misafara. Bunduki zilimfikia yeye kwanza, bila kupitia kwa mfalme. Akamfukuza kijana Vugha, na wengi wakauzwa utumwani. Hapo vita vilibomoa.

Sasa linganisha na Qin, dola ya kale ya China. Huko dola iliandikisha kaya, ikatoza kodi na kugawa vyeo kwa idadi ya vichwa vya maadui. Vita vikaizalia urasimu, na kufikia 221 KK ilikuwa imemeza falme zote pinzani.

Kwa hiyo swali la insha yako liwe hili: nani alilipia silaha, na zilipita mikononi mwa nani? Mimi ningetumia nusu nzima ya insha kwa Semboja.