Poti kifuani, mkono hauinuki

SWALI

Asalaam aleikum dada muuguzi. Mimi ni mama wa miaka 47, nakaa Ngamiani hapa Tanga, napika vitumbua vya asubuhi vya kuuza. Nina saratani ya titi la kushoto. Nimeanzishiwa kemo Dar, zile dripu za dawa ya saratani, na kwa kuwa mishipa yangu ya mkononi inapotea kila wakiitafuta, wameniwekea poti, kile kifaa cha kupitishia dawa, ndani ya ngozi upande wa kulia, chini ya mtulinga. Sasa ni wiki ya pili. Makali yamepungua kuliko siku zile za mwanzo, lakini nikigeuza shingo kuna kitu kama uzi mnene kinavuta, nikipapasa nakisikia kabisa chini ya ngozi. Kulala ubavu wa kulia siwezi. Nikijifunga kanga kifuani, fundo linakaa palepale. Nazi siwezi kukuna, mkono hauinuki, na kusujudu naona tabu. Nilipouliza niliambiwa tu “utazoea”. Dada yangu anataka kunichua kwa mafuta ya nazi ya moto, na jirani anasema chuma hicho kitaota kutu mwilini. Nimechoka. Nataka waitoe, nichomwe mkononi kama wenzangu. Maumivu haya ni ya kawaida au kitu kimeharibika?

Mama Vitumbua, Ngamiani

JIBU

Waaleikum salaam mdogo wangu, na pole sana. Nianze na dada yako kabla mafuta hayajapata moto: asikuchue. Asikande, asibonyeze, asipake chochote juu ya kidonda kibichi. Poti imekaa ndani ya mfuko mdogo uliokatwa chini ya ngozi, na mfuko huo bado unajifunga. Ikisukumwasukumwa inaweza kugeuka kichwa chini, na ikigeuka sindano haina pa kuingilia, itabidi ufunguliwe upya. Jirani naye mwambie astarehe. Poti hutengenezwa kwa titani au plastiki ngumu, na hakuna kati ya hivyo kinachoota kutu.

Sasa huo “uzi”. Poti yenyewe ina ukubwa wa kifuniko cha soda. Juu ina mpira wa silikoni wa kupitishia sindano, na ubavuni unatoka mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi, unapanda juu ya mtulinga, unaingia kwenye mshipa wa shingoni na kushuka hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Unachokipapasa ndicho mrija huo. Mtu mwembamba huusikia zaidi kuliko mnene. Ili upite hapo, daktari aliitoboa njia chini ya ngozi, ndiyo maana una kovu kifuani na jingine dogo shingoni, na katikati yake nyama imevilia damu. Ukigeuza shingo, njia hiyo nzima inavutika. Makali huisha ndani ya siku chache, kule kukazwa na kuvutwa kunaweza kubaki wiki mbili tatu, kisha huja mwasho wa kidonda kinachopona. Kwa hiyo ulichonieleza kinafanana na kupona. Mimi ninachokiangalia ni mwelekeo: kila baada ya siku kadhaa maumivu yanapungua, basi mambo yanakwenda. Yakianza kupanda baada ya kuwa yameshuka, hapo usisubiri kuzoea.

Mkono kutoinuka kunanisumbua kuliko uzi. Wagonjwa wengi huogopa kuivuta poti, wanaubana mkono ubavuni kama waliovunjika, na baada ya wiki kadhaa bega linaganda. Hapo unapata ugonjwa wa pili. Usinyanyue ndoo ya maji wala gunia la mchele mpaka kidonda kifunge na daktari akuruhusu, lakini bega lichezeshe kila siku. Lizungushe polepole mbele na nyuma. Simama uso ukutani, vidole vitembee juu mpaka pale panapoanza kuvuta, tulia kidogo, shusha. Chana nywele kwa mkono huohuo. Mbuzi ya nazi iache kwanza, maana ule msukumo wa kukuna unapiga palepale. Wapo wanaokuna kwa mashine sokoni, wape kazi. Kumimina na kugeuza vitumbua si kazi nzito, ila keti kwenye kigoda, na chuma kizito cha kukaangia akiinue mwingine.

Fundo la kanga lihamishie kiunoni, juu vaa dera pana. Sidiria ikiwa mkanda wake unapita juu ya poti, weka kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa katikati, au iache kabisa ukiwa nyumbani. Usiku lala chali au ubavu wa kushoto, na mto mdogo chini ya mkono wa kulia ili uzito wake usivute kifua. Kuhusu kusujudu, mimi si shehe, lakini nijuavyo mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi na kuashiria kwa kichwa.

Kwa maumivu tumia paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, ukipisha saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Kama umeshawahi kuambiwa ini lako lina shida, uliza dozi yako kwanza. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisiguse mdomo wako bila daktari wako wa kemo kukubali, kwa sababu kemo hupunguza chembe za kugandisha damu na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Na kabla ya kumeza paracetamol pima joto, maana huficha homa.

Homa nayo nitaikalia kidogo, kwa sababu hapa kwetu Tanga mtu akipata joto na kutetemeka wazo la kwanza ni malaria. Ananunua mseto dukani, analala, anasubiri kesho. Wewe kwa sasa huna hiyo nafasi. Chembe nyeupe za damu huwa chini hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na mdudu akipita kwenye poti anaingia moja kwa moja kwenye damu. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka baridi, hasa baada ya poti kusafishwa ndani kwa sindano, nenda hospitali ya Bombo muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Mlangoni sema mambo mawili kabla ya kuulizwa: niko kwenye kemo, na nina poti. Malaria wapime, ndiyo, lakini wapime na picha kamili ya damu, na wasikuache ukae kwenye benchi. Nenda vilevile ukiona kidonda kinazidi kuwa chekundu na cha moto au kinatoa usaha, mkono wa kulia, shingo au uso umevimba, au ukibanwa kifua na pumzi. Kuvimba huko kunaweza kuwa damu imeganda kuuzunguka mrija, na kuna dawa yake ikiwahiwa.

Jambo jingine: si kila mwenye sindano anaruhusiwa kuichoma poti. Inatumia sindano yake maalumu, isiyong'oa vipande vya mpira. Sindano ya kawaida huuharibu mpira na utaanza kuvuja. Poti bado ni ngeni kwa zahanati nyingi, kwa hiyo muuguzi wa mtaani akikuambia “ngoja nitoe damu hapohapo”, mkatalie kwa adabu. Kadi uliyopewa ya poti ikae kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki.

Unataka waitoe. Ni haki yako kulisema hilo, na kuitoa ni upasuaji mdogo wa ganzi. Lakini fikiria kwa nini uliwekewa. Kama kemo yako ina ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikivuja nje ya mshipa mwembamba wa mkononi inaunguza nyama mpaka kuacha kidonda kibaya. Kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo damu ni nyingi na dawa inachanganyika upesi. Wenzako wanaochomwa mkononi nimewaona mishipa ikikauka na kuwa migumu kabla dripu hazijaisha. Ningekuwa wewe ningevumilia hizi wiki chache, ila kuvumilia si kunyamaza. Hata poti inaweza kuvuja sindano ikihama. Siku ya dripu ukisikia moto au kuvimba pale, sema papo hapo, usione haya kumsumbua muuguzi, dripu ifungwe kwanza ndipo mzungumze. Mwombe pia asichome juu ya palipovilia, na uulize kama wana krimu ya ganzi ya kupaka kama saa moja kabla.

Safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 300, basi likiruka tuta utaisikia poti. Mkanda usiuache. Ukipata gari la mikanda ya begani keti upande wa kushoto, mkanda utapita bega la kushoto. Nalo titi likiwa linauma, weka kanga iliyokunjwa katikati.

Dripu zikiisha poti haitolewi lazima siku hiyo. Wapo wanaoendelea na dawa nyingine ya saratani ya titi, trastuzumabu, hadi mwaka mzima, na hao huihitaji. Ikikaa bila kutumika lazima isafishwe, wengi huambiwa kila baada ya wiki 4, pengine zaidi kwa ratiba ya hospitali yako. Kwa hiyo kliniki ijayo uliza maswali mawili, na majibu yaandikwe kwenye kadi: nisafishwe kila lini, na kwa huku Tanga ni nani mwenye sindano hiyo.