Simu imejaa majina, nikiugua sina wa kumpigia

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Nilihamia huku kikazi, sasa ni mwaka na nusu. Kila wiki naenda ibadani, nasalimiana na watu, narudi nyumbani. Mwezi uliopita niliugua siku tatu. Nilipitia majina yote kwenye simu, nikaiweka chini bila kumpigia mtu. Hata sala zangu siku hizi naona ni maneno matupu. Nina kasoro gani?*

Marahaba, mwanangu. Hapo ulipoiweka simu chini nimepasoma mara mbili, na pameniuma.

Kasoro huna. Ulichopungukiwa ni saa za kukaa na watu. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Jeffrey Hall, alichapisha mwaka 2018 makadirio yake: mtu unayemjua kwa sura tu huhitaji kama saa 50 za kuwa nawe hadi muwe marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 hadi awe rafiki wa karibu. Sasa piga hesabu. Salamu ya mlangoni ya dakika mbili kila wiki, mwaka mzima haifikishi hata saa mbili. Watu hao hawajakukataa, hawajapata nafasi ya kukujua.

Nami nimewahi kuwa mgeni hivyo. Kwa miezi nilikaa karibu na mlango ili niwe wa kwanza kutoka. Siku moja mama mmoja akaniita, "Hebu nishikie upande huu." Lilikuwa benchi, zito, linahamishwa ukutani. Tulipofika la tatu alikuwa ameshaniambia goti linavyomsumbua usiku. La tano likanikuta namweleza kifo cha mama yangu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu pale. Wiki iliyofuata nilimwona ananitafuta kwa macho kabla sijaketi.

Kwa hiyo omba kazi ya mikono. Kupanga viti, kufagia, kuwatembelea wagonjwa, chochote. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka wenyewe. Tafuta pia kikundi kidogo kinachokutana kila wiki, kiwe cha kwaya, cha kusoma maandiko au cha kujitolea, na ukae nacho miezi minne hata kama mara tatu za kwanza utajiona umepotea. Usirukeruke. Katika watu wanane, usipofika utaulizwa uko wapi. Katika mia mbili, nani atajua?

Halafu, mwanangu, acha kungoja kutafutwa. Chagua majina mawili kwenye hiyo simu. Usiandike "tutafutane siku moja", maana siku hiyo haifiki. Andika: "Jumamosi saa kumi jioni naenda kutembea, twende?" Akisema hawezi, mwulize tena baada ya wiki mbili. Watafiti waliowafuatilia watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza waligundua kwamba wengi huondoka wakidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Huenda nawe umekuwa ukijihukumu hivyo.

Na lile la ugonjwa usilisubiri lirudi. Mwambie mmoja wao ungali mzima: "Naishi peke yangu, nikizidiwa naweza kukupigia?" Najua ni maneno magumu kuyatamka. Lakini anayeombwa msaada mdogo hujiona ameaminiwa, na mara nyingi naye hupata ujasiri wa kuomba wake.

Kuhusu sala, sidhani imani yako imekufa. Naona umekuwa ukisali peke yako kwa ajili yako peke yako, na moyo umechoka. Chukua jina la mtu mmoja mwenye shida, mwombee kwa jina hilo wiki nzima, kisha mpigie umwulize anaendeleaje. Mwaka 2010 watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha kwamba waumini wanaohudhuria ibada huridhika zaidi na maisha hasa wanapokuwa na marafiki wa karibu humo humo wanamoabudu.

Ila kama usingizi umekukimbia, huli, na huzuni haipungui wiki baada ya wiki, nenda kamwone daktari au mshauri nasaha. Hilo usilifanyie subira.

Wiki hii usikae karibu na mlango. Ibada ikiisha, mfuate anayekusanya viti umwulize vinawekwa wapi. Kisha niandikie jina lake.

Shangazi yako