Swali la lugha: Majani yakipukutika Ulaya, tuseme vuli imeingia?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Moshi. Mgeni niliyempandisha mlimani ameniandikia kutoka kijijini kwao Uingereza. Anasema majira yaliyoanza Septemba yamempendeza sana: majani yamegeuka rangi, naye na wanawe wanachuma vitunda vyeusi kwenye miiba na kuokota uyoga. Nataka kumsomea mama barua hiyo kwa Kiswahili. Niseme anafurahia "kuwasili kwa vuli"? Na hiyo mimea niiite magugu?

JIBU: Ndugu yangu, mama akisikia vuli atakuuliza kwanza kama mvua imenyesha vizuri huko kwa mgeni wako, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kilimanjaro, Arusha na Manyara vuli ni mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwelekeo wa vuli, inasema habari za Oktoba hadi Desemba, na anayesikiliza redio anaanza kufikiria mbegu. Vumbi linatulia. Nyasi zilizokauka zinachipua, mnafu unajiotea chini ya migomba, mgagani unatokeza karibu na mazizi, na akina mama wanarudi na mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Vuli yetu ni wakati wa kuchipua.

Kwa mgeni wako mambo ni kinyume. London mwezi Juni mchana unapita saa 16. Desemba haufiki saa 8. Mchana unapofupika na baridi kukaribia, mti unaacha kutengeneza umbijani, ile klorofili inayoyapa majani rangi yake ya kawaida. Hapo manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani inajitokeza, na miti mingine inatengeneza wekundu mpya. Kisha majani yote yanakwenda chini. Ni mti unaofunga kazi. Hapa kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya urefu wa mchana kwa mwaka mzima haifiki nusu saa, kwa hiyo mti hauna habari hiyo ya kuipokea. Mbuyu wa kwetu unapovua majani, unakimbia ukame.

Kwa nini basi wengi tulifundishwa kwamba majira hayo ya Ulaya ni vuli? Nadhani ni kwa sababu ya miezi. Wao wanahesabu Septemba hadi Novemba, sisi Oktoba hadi Desemba, na mpishano ni mdogo kiasi cha kumshawishi mfasiri. Lakini hesabu hiyo inavunjika ukivuka kwenda kusini mwa dunia. Australia majira hayo ni Machi hadi Mei. Ukiandika kwamba "vuli" imeingia Melbourne mwezi Aprili, msomaji wa Arusha anayekanyaga tope la masika atakushangaa. Sisemi neno hilo lifutwe kwenye vitabu. Limeshazoeleka, na mwanafunzi akilikuta analielewa. Ila kwa barua ya kusomewa mama, mimi nisingelitumia. Wapo pia wanaoazima demani ya watu wa pwani, lakini hilo ni neno la pepo za bahari, wakati kusi inapolegea, na Moshi halina mizizi.

Sema *majira ya majani kupukutika*. Ni refu kidogo, lakini linaeleza jambo lenyewe, na kitenzi chake ni kizuri mno kuachwa. Jani moja huanguka au hudondoka. Yakiwa mengi, yakishuka mfululizo mpaka tawi likabaki tupu, hapo ndipo yanapopukutika. Mama anakijua kitenzi hiki bila kufika Ulaya: maua ya mijakaranda ya Arusha na Moshi, yakishachanua karibu na Oktoba na Novemba, hupukutika na kuigeuza barabara kuwa ya zambarau.

Hilo la "kuwasili" pia liondoe. Watu huwasili, na ndege na mabasi. Majira huingia. Tunasema masika yameingia, kipupwe kimeingia, na yakimalizika tunasema yametoka au yamekwisha. Kwa hiyo: "Majira ya majani kupukutika yameingia kwao, naye anayafurahia."

Sasa mimea. Gugu ni hukumu ya mkulima: ni mmea wowote uliomwingilia shambani bila kutakiwa. Mtu anayechuma vitunda kwa furaha hachumi magugu. Mnafu huohuo ukiota katikati ya vitunguu utaitwa gugu na kung'olewa, na ukiota pembeni utaitwa mboga na kupikwa. Kwa barua yako tumia *mimea ya porini*, au *mimea iliyojiotea* pale unapotaka kusisitiza kwamba hakuna aliyeipanda. Wakulima wa pamba wana neno maotea, lakini hilo ni la zao lililochipua tena baada ya mavuno, na haliifai miiba ya msituni.

Vile vitunda vyeusi usiviite forosadi, ingawa vinafanana sana machoni. Forosadi huzaliwa na mti kamili, mforosadi, usio na miiba. Anavyochuma mgeni wako vinatoka kwenye vichaka vinavyotambaa na kuchoma mikono, na ndugu zake huota hata kwenye msitu wa Kilimanjaro. Kwa kazi yako bila shaka umeshawahi kuwaonyesha wageni. Andika "vitunda vyeusi vya miibani", kama ulivyoniandikia mimi, na mama akiuliza vikoje, mwambie ni jamaa wa vile unavyopita navyo njiani ukipanda mlima. Uyoga ni uyoga, huko na huku, ila huku sisi tunaungoja mvua.