UDSM au UDOM kwa anayetegemea mkopo?

Hongera kwanza, mdogo wangu. Kuchaguliwa vyuo viwili kwa ualimu wa sayansi si jambo dogo. Umeuliza uthibitishe kipi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au cha Dodoma (UDOM), na umesema nyumbani ni Singida, mzee anategemea alizeti.

Ada isikuumize kichwa sana, vyote ni vya umma. Pesa inaishia kwenye kulala na kula. UDOM mabweni yako ndani ya chuo, unatembea mpaka darasani. Dar ukikosa chumba kwenye mabweni ya chuo, Mlimani au Mabibo, unapanga mtaani, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo, pengine bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) halijaingia hata shilingi. Hapo ndipo wengi wanapoyumba mwaka wa kwanza. Halafu Dodoma ni jirani zenu, nauli ya likizo haitakutoa jasho.

Kwa upande wa masomo, usifuate ukubwa wa jina. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi yako hiyohiyo, umbane: semina zinafanyika kweli? Maabara mnashika vifaa wenyewe au mnamtazama mwenzenu mmoja? Mtu akipata sapu (mtihani wa marudio), mhadhiri anapatikana ofisini?

Kwa hali yako mimi ningekwenda Dodoma. Ila kama una ndugu wa kukupokea maeneo ya Ubungo, hesabu inabadilika kabisa. Thibitisha kwa ile namba ya siri uliyotumiwa kabla dirisha la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) halijafungwa, kisha hakikisha mkopo wako wa Bodi ya Mikopo (HESLB) unasoma chuo hichohicho.